Somo alipokosea hesabu

Mficha uchi hazai. Methali hii tumeizoea sana, hata tunaitumia kwa mwenye deni asiyetaka kusema na kwa mwenye jino bovu anayeogopa daktari, tukasahau kwamba wazee walipoitunga walikusudia palepale inapotaja. Leo nataka kuirudisha kwao. Nitasema mambo ya ndani, tena nitayasema gazetini, na najua kuna bwana atakayekunja ukurasa huu amfiche bintiye. Namwomba asiukunje. Bibi Aisha, radhi za Mungu zimshukie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Ikiwa wao waliuliza mbele ya Mtume, sisi tunamwonea haya nani?

Isitoshe, habari hii inanihusu mwenyewe, na ndani yake aliyekosea ni mimi.

Mimi ni somo. Binti wa kaka yangu alipoolewa, miaka minne na kitu iliyopita, ndiye mimi niliyekaa naye chumbani siku saba. Nilimfunza yale niliyofunzwa: kuoga janaba, kuitambua hedhi na istihadha, adabu za chumbani, na namna ya kuishi na mavyaa. Nilijiona fundi kamili. Naye, kwa kuwa ni mtoto wa zama hizi, akaniuliza swali ambalo mimi sikumuuliza somo wangu: "Shangazi, nikitaka kushika mimba mapema, siku gani ndizo zenyewe?"

Sikusita hata kidogo. Nilikuwa nimelisikia jawabu hilo redioni, nikalisoma magazetini, na nadhani hata mimi mwenyewe nimepata kuliandika. Nikamwambia: "Hesabu tangu siku ya kwanza ya damu. Ya 14 ndiyo siku yako."

Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu. Hupakia bandarini Mombasa, akavuka Malaba akaingia Uganda, na hurudi pengine baada ya siku kumi, pengine wiki mbili. Basi wale watoto wakayafanya maneno yangu sheria. Kila mwezi kijana alipanga safari zake awe nyumbani kuanzia siku ya 12 hadi ya 16. Safari nyingine zenye faida aliziacha kwa ajili ya siku hizo, na mwenye malori akamnunia. Mwaka wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ulipofika nusu, midomo ikafunguka.

Mnayajua maneno ya kwetu. Hayasemwi waziwazi, hupitishwa pembeni kama harufu ya samaki. Wifi huja na mtoto wake mgongoni akasema, "Mshike kidogo, upate baraka." Mavyaa hukaa uani akasifu nyumba ya jirani iliyojaa watoto. Mwisho mavyaa akaja kwa kaka yangu, akaketi, akanywa kahawa yake yote, kisha akasema kwamba yeye hana ugomvi na mkwewe, mtoto ana heshima na anajua kupika, lakini mwanawe ni mwanamume, na sheria imemruhusu wanne. Kaka yangu hakujibu. Alipotoka yule bibi, kaka yangu alinitazama mimi. Hakusema kitu, ila nilijua aliyemfunza yule binti ni nani.

Ndipo nikamchukua mimi mwenyewe kliniki. Tulipokelewa na muuguzi mmoja wa makamo, mwanamke mwenye maneno machache. Akamuuliza binti, "Siku zako huja baada ya muda gani?" Binti akatoa kwenye mkoba kalenda ya Kiislamu, ile ya ukutani yenye tarehe mbili, ya mwezi mwandamo na ya Kizungu. Alikuwa amezitia duara siku zake za damu mwaka mzima, si kwa ajili ya mimba, bali apate kujua siku ngapi za Ramadhani atazilipa kadha. Muuguzi akahesabu kwa kalamu, tangu mwanzo wa hedhi moja hadi mwanzo wa ya pili. Miezi sita ya mwisho ilitoka hivi: siku 31, siku 44, siku 36, siku 52, siku 29, siku 39.

"Na mumeo huwa nyumbani lini?"

"Siku ya 12 hadi ya 16."

"Nani aliyekwambia?"

Binti akainama. Nikasema mimi, "Mimi somo wake." Yule muuguzi hakunicheka wala hakunilaumu. Alivuta karatasi akaanza kunisomesha, na mimi na miaka yangu hamsini na zaidi nikakaa kama niko chuoni tena, mbele ya ubao.

Alichonifunza ni hiki. Mwili wa mwanamke hulea yai ndani ya ovari, yaani kifuko cha mayai, likipevuka hutoka. Likishatoka halikai ila saa 12 hadi 24, kisha hufa kama halikukutana na mbegu ya mume. Mbegu nayo, ikipata ute mzuri, huweza kungoja ndani ya mwili hata siku 5. Kwa hivyo siku zenye matumaini katika mzunguko mmoja ni kama 6 tu: zile 5 kabla ya yai kutoka, na ile siku yenyewe. Utafiti wa Allen Wilcox na wenzake wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1995, ulithibitisha jambo hili kwa wanawake waliokuwa wakitafuta mimba.

Sasa, yai hutoka lini? Hapa ndipo nilipopotea mimi na wengi wenzangu. Miaka ya 1920 daktari wa Kijapani, Kyusaku Ogino, na daktari wa Austria, Hermann Knaus, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba siku hiyo haihesabiwi kutoka hedhi iliyopita. Huhesabiwa kurudi nyuma kutoka hedhi *ijayo*. Yai likishatoka, damu hufuata baada ya wiki mbili hivi. Kwa wengine siku 12, kwa wengine 16, lakini kwa mwanamke mmoja haibadiliki sana. Kinachobadilika ni muda wa kabla ya yai kutoka. Huo ndio hurefuka na kufupika.

Basi mwenye mzunguko wa siku 28, ukitoa 14 unabaki na 14. Hiyo ndiyo asili ya siku yangu ya 14. Ni kweli, lakini ni kweli kwa mwanamke huyo. Mwenye siku 35, yai lake hutoka yapata siku ya 21. Mwenye siku 44, yapata siku ya 30. Tukairudia kalenda ya binti. Katika mizunguko ile sita, kama yai lilitoka katika yote, lilitoka yapata siku ya 17, ya 30, ya 22, ya 38, ya 15 na ya 25. Mumewe alikuwapo katika siku zinazofaa mara mbili tu kati ya sita. Mara nne nyingine alikuwa njiani na lori, akirudi Malaba, kwa amri ya somo.

Nilitoka pale nimeshika ukuta.

Usiku ule sikulala, nikawa nakumbuka chuo chetu cha Kuze. Maalim alitusomesha Safina, na ye yote aliyepita kwenye mkeka wa chuo cha Kishafii anaijua mlango wa hedhi: uchache wake ni mchana na usiku, aghalabu yake siku sita au saba, wingi wake siku 15. Kisha huja twahara baina ya hedhi mbili: uchache wake siku 15, aghalabu yake siku 23 au 24. Na wingi wake? Kitabu chasema wingi wake hauna mpaka. Nilikihifadhi nikiwa mtoto wa miaka kumi, nikakisoma kwa sauti kubwa na wenzangu, wala sikupata kukifikiri. Wanazuoni walijua tangu zamani kwamba damu ina mpaka, na twahara haina. Kwamba wako wanawake ambao twahara yao huwa siku 20, na wako ambao huwa 45, na wote ni wanawake wa kawaida wenye hukumu zao. Mimi niliyeihifadhi ibara hiyo ndiye niliyemwambia mtoto wa watu kwamba wanawake wote wana siku moja.

Tena si hilo tu. Mwanamke wa kwetu aliyeachwa huhesabu eda yake kwa "quruu" tatu zilizotajwa katika Suratul Baqara. Wanazuoni wamehitilafiana: Mahanafi wasema maana yake ni hedhi, na Imamu Shafii asema ni twahara. Sisi watu wa pwani tumemfuata Shafii. Maana yake, katika jambo zito kama eda sisi huhesabu twahara. Lakini nyumbani, baina yetu, sisi huhesabu damu tu. Bibi yangu alikuwa akichora mistari ya makaa nyuma ya mlango wa jikoni, mmoja kwa kila siku ya damu, apate kujua siku za kulipa funga. Damu ikikatika, aliweka makaa chini. Zile siku nyingine zote hazikuwa na mistari, na humo ndimo mna habari yote.

Turudi kwa muuguzi. Nilimuuliza, "Basi kama hatuijui hedhi ijayo itakuja lini, tutarudije nyuma?" Akasema hilo ndilo swali lenyewe. Kwa mwenye siku zilizonyooka, hesabu ya kalenda humpa fununu. Kanuni iliyotokana na Ogino ni kuchukua mzunguko mfupi kabisa ukatoa 18, na mrefu kabisa ukatoa 11. Tukafanya kwa binti: 29 toa 18 ni 11, 52 toa 11 ni 41. Yaani kuanzia siku ya 11 hadi ya 41. Siku 31! Hesabu hiyo haina msaada, ni sawa na kumwambia mvuvi kwamba samaki wamo baharini. Na zile programu za simu ambazo vijana wetu wanazitegemea, nyingi hufanya hesabu hiyohiyo kwa kutumia wastani wa miezi iliyopita. Kwa mwenye siku zisizotulia, simu hubahatisha kama mimi nilivyobahatisha, ila yenyewe ina rangi nzuri.

Dawa ya hilo ni kuacha kuuuliza ukuta siku, na kuuuliza mwili. Mwili una dalili, nazo ni hizi.

Ya kwanza ni ute. Sisi tumefunzwa kuangalia pamba hedhi inapokwisha, tukiona weupe tukaoga. Jicho hilohilo lisifumbwe. Baada ya hedhi, kwa kawaida huwa kukavu. Kisha hutokea ute mzito wa kunatanata. Yai linapokaribia, ute huwa mwepesi, wazi, wa kuteleza, ukiushika baina ya vidole viwili huvutika bila kukatika kama ute wa yai bichi. Hizo ndizo siku zenyewe. Siku ya mwisho ya ute huo ndiyo kilele, na yai hutoka siku hiyo au karibu yake. Daktari John Billings wa Melbourne, Australia, alianza kuichunguza dalili hii mwaka 1953, na mkewe Evelyn, daktari kama yeye, akaiendeleza pamoja naye. Uzuri wake ni kwamba ute hutangulia. Hukupa habari kabla. Na kwa anayeniuliza hukumu: ute huu si hedhi, haumzuilii mtu sala wala saumu; la udhu amuulize mwalimu wake.

Ya pili ni joto. Yai likishatoka, mwili hutoa homoni inayopandisha joto kidogo sana, kama nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi, na hubaki juu mpaka karibu na hedhi. Yatakiwa kipimajoto chenye kuonyesha desimali mbili, si kile cha homa cha kawaida. Upime mara uamkapo, kabla hujainuka kitandani, kabla ya msala na kabla ya udhu, baada ya kulala angalau saa tatu mfululizo, na saa ileile kila siku. Hapa sisi tumejaliwa. Huku kwetu karibu na Ikweta alfajiri haihamihami sana mwaka mzima, na adhana hutuamsha bure. Kipimajoto kiwe chini ya mto. Adhana ikilia, pima kwanza, andika, kisha inuka. Hata ukiwa katika hedhi na huna sala, adhana isikupite! Ukiona siku tatu mfululizo joto liko juu kuliko siku sita zilizotangulia, kwa nyuzi 0.2 au zaidi, ujue yai limekwisha toka. Joto halikwambii kabla, hukwambia baada. Lakini kwa mwenye siku zisizotulia ndilo shahidi anayethibitisha kwamba yai lilitoka kweli, na lilitoka lini. Homa, kukesha arusini na kuamka daku huharibu hesabu. Siku hizo ziandike kando.

Ya tatu ni vijiti vya kupimia mkojo, vinavyouzwa maduka ya dawa. Hivyo hutafuta homoni iitwayo LH, inayopanda ghafla kiasi cha saa 24 hadi 36 kabla ya yai kutoka. Mwenye siku 28 hutumia vijiti vichache. Mwenye siku 50 akianza siku ya 10 atamaliza pakiti kadhaa kabla hajaona kitu, na pesa zimekwisha. Afadhali angoje ute uanze kubadilika, ndipo apime. Tena ajihadhari: wako wanawake ambao homoni hiyo kwao iko juu wakati wote, kijiti kikasema ndiyo kila siku, na yai halijatoka.

Na juu ya yote hayo, yule muuguzi alisema neno ambalo nalitia mkazo, kwa sababu watu hugeuza mambo haya yakawa mateso. Mume na mke walio pamoja hawahitaji kusubiri siku moja kama wanaongoja meli. Wakikutana kila baada ya siku mbili au tatu katika twahara yote, siku zenye matumaini haziwezi kuwapita. Dalili ni za kuwasaidia walio mbali, au wanaotaka kujua hali ya mwili, si za kuondoa mapenzi chumbani.

Basi daktari naye alitaka kujua kwa nini siku hazitulii. Zipo sababu nyingi: kunyonyesha, umri mdogo wa kuvunja ungo, umri wa kukaribia kukoma hedhi, kukonda sana au kunenepa sana, dhiki ya moyo, maradhi ya tezi la shingoni, homoni ya maziwa kuzidi, na sindano ya kupanga uzazi, ambayo baada ya kuiacha yaweza kuchukua miezi kadhaa, hata karibu mwaka, kabla yai halijarudia ada yake. Sababu moja iliyo nyingi sana ni ile waiitayo kwa herufi PCOS, ambapo ovari huwa na mayai madogomadogo mengi yaliyoanza kukua yasipevuke. Binti yetu alipimwa damu na kupigwa picha, akaonekana ana hiyo, si kali. Akaambiwa apunguze uzito kidogo, kwani hata kiasi cha 5 hadi 10 kwa mia ya uzito huweza kurudisha yai, atembee, na apunguze vitamu. Hakupewa dawa ya kuchochea yai mara moja. Akaambiwa aandike kwanza.

Na mume? Kijana alipoambiwa naye apimwe, alishtuka. Shahirini mwetu mwanamume hufikiriwa mzima mpaka afe. Lakini elimu yasema sababu za kukosa mtoto ziko kwa mume karibu sawa na kwa mke, na mara nyingi ziko kwa wote wawili. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, limesema mtu mmoja kati ya kila sita duniani hupatwa na shida hii maishani mwake. Mtu, wala halikusema mwanamke. Nashukuru huyu wetu alikuwa na akili kuliko wazee wake. Alikwenda, akapimwa, akaonekana salama. Nami nikamwambia mavyaa, kwa adabu zote, kwamba kama mwanawe angeoa wa pili na kuendelea kuwa njiani siku zisizofaa, angekuwa na wake wawili wasio na mtoto.

Daftari likaanza. Mzunguko wa kwanza joto halikupanda kabisa; siku 47, kisha damu. Tulihuzunika, lakini muuguzi alisema hiyo nayo ni habari: yai halikutoka. Wa pili, joto lilikuwa 36.3, 36.2, 36.4, 36.3, kisha siku ya 27 likapanda 36.6, na 36.7, na 36.7 tena. Hedhi ikaja siku ya 40. Wa tatu, likapanda siku ya 24, hedhi ikaja siku ya 37. Tazameni: siku za mwanzo zinachezacheza, lakini tangu joto kupanda hadi damu, mara zote mbili ni siku 13. Ogino alisema kweli.

Sasa yule kijana hakuwa akirudi siku ya 12. Walipatana kwa simu neno lao la siri, kwa kuwa ndani ya lori huwa na turniboi na masikio yake. Binti akiuona ule ute wa kuteleza, humwambia, "Maji yanajaa." Na kijana, awe Eldoret au Nakuru, hugeuza mambo yake. Ute hutangulia yai siku chache, na safari ya kurudi ni siku mbili. Maji kujaa, watu wa pwani tunajua, hakungoji mtu, lakini hutoa notisi.

Mzunguko wa sita ndio huu wa mwisho kuuandika. Joto lilipanda siku ya 26. Siku ya kumi na tatu baada ya hapo sote tulingoja damu, kila mtu kimya kimya. Haikuja. Muuguzi alikuwa ametwambia, joto likibaki juu siku 18 bila hedhi, apimwe mimba. Alfajiri ya siku ya kumi na nane simu yangu ililia kabla sijamaliza sunna. "Shangazi," akasema, "bado halijashuka." Hakuongeza neno, nami sikuongeza. Tulikaa kwenye simu tukisikilizana pumzi.

Sasa ni mwezi wa saba. Jina lake sitaji, na mtaa wao sitaji, kwa kuwa kijicho kipo, na mwenye kutoa ni Mwenyezi Mungu, naye hajamaliza kazi yake.

Lakini nisiwadanganye kwamba daftari huzaa. Jirani yangu mmoja, aliyekaribia miaka arobaini, aliniomba nimfunze. Aliandika miezi minne, joto halikupanda hata mara moja. Alilia. Nilimwambia alibebe daftari lake kwa daktari, naye daktari akashukuru, kwa kuwa hakuanza naye sifuri. Leo anatumia dawa ya kuchochea yai iitwayo letrozole, kwa kuangaliwa kwa picha na kwa vipimo. Bado anangoja. Daftari halikumpa mtoto, ila lilimpa miezi ambayo angeipoteza kwa kuhesabu siku ya 14, na kwa umri wake miezi ni mali.

Kwa hivyo nawausia wenzangu masomo, na nyinyi mnaofunzwa. Msinunue dawa za kuchochea yai dukani kwa maneno ya shoga. Hedhi ikikosekana miezi mitatu na huna mimba, usikae. Damu ikipita siku 15 ni istihadha kwa fiqhi, na kwa daktari ni jambo la kutazamwa hata kabla ya hapo. Waliotafuta mtoto mwaka mzima bila kupata waende hospitali, mke na mume pamoja. Mke akiwa amepita miaka 35, waende baada ya miezi sita. Na mwenye siku zisizotulia asingoje hata hiyo. Wala mtu asitumie hesabu hizi kujizuilia mimba kwa kubahatisha. Kwa mwenye siku zisizotulia huo ni mtego.

Nami, kwa kuwa kosa nililisema chumbani, toba yangu nimeitoa barazani. Niliiandika ubeti huu mmoja nyuma ya daftari la binti, nao ndio nitakaomfunza mwari wangu atakayefuata:

Damu tu nikaiona, sikutazama twahara,
Kumi na nne kwa mwana, ikamtia hasara,
Kumbe mwili hunong'ona, hutupa sisi ishara,
Wanangu shikeni sana, daftari na subira.